Gari la Mbele Kwenda Mutuini

Jumanne, 5 Agosti

Limewaka! Baridi ya kukata masikio, nimeketi kwenye usukani nje ya nyumba yangu, mtaa wa Jamhuri, nimefumba macho, nimebonyeza kitufe, na Wellesley imewaka. Nikakaa ndani nikiisikiliza inavyonguruma mpaka Kanyiva, mke wangu, akatoka na leso mabegani kuuliza kama naenda kazini au nimehamia huko.

Niandike hapa, asije mtu akasema sikuandika. Wellesley ni gari kubwa la Kiingereza, viti vya ngozi, limetengenezwa kuvuka mito na kupanda majabali. Nililinunua kwa wakili mmoja aliyekuwa na haraka isiyo ya kawaida ya kuliuza. Tangu hapo halijavuka mto wowote. Halijavuka hata Ngong Road bila kusimama katikati kufikiri. Majirani wanalijua zaidi kwa upande wa chini, kwa sababu wamezoea kuliona likiwa juu ya lori la kuvuta magari.

Lakini safari hii Jeremy, fundi wangu wa Westlands, amesema injini imepona. Na imepona wakati mzuri. Jumamosi ya wiki ijayo tunakwenda Mutuini kwa Mzee Mbugua kwa ruracio, kikao cha mahari. Kitavi, mwanangu wa kwanza, anamwoa Waringa, binti wa mzee huyo. Msichana anasafiri mwezi ujao kwenda kazi ya uuguzi ng'ambo, kwa hivyo ni Jumamosi hiyo au sijui lini. Na Mzee Mbugua si mtu wa kuchezewa na saa. Waliokuja kumwomba dada mkubwa wa Waringa walifika alasiri, wakakuta geti limefungwa, wakaambiwa warudi mwaka mwingine. Wakarudi mwaka mwingine!

Tumeambiwa saa tano. Tutafika saa nne na nusu. Na gari la mbele litakuwa Wellesley.

Alhamisi, 7 Agosti

Mkutano wa familia sebuleni. Kitavi ameomba, kwa adabu mpaka nikaona haya kidogo, kwamba tukodi basi dogo, tuingie wote, tufike, yaishe. Nikamwambia hakuna mtu Mutuini atakayemkumbuka aliyeshuka kwenye basi. Wanakumbuka gari la mbele.

Shemeji Were, aliyemwoa Stellah mdogo wake Kanyiva, akasema Probox yake ipo. Akasema haijawahi kumwangusha hata siku moja, na mbuzi watatoshea nyuma. Nimecheka sana. Probox! Gari la kusambazia kabeji! Nimecheka mpaka Kanyiva akanikumbusha mbele ya watu wote kwamba jana nilirudi kutoka mjini ndani ya hiyo hiyo Probox, Wellesley ikiwa imelala nje ya benki.

Hiyo ilikuwa betri tu. Betri si injini.

Hawanielewi. Mimi nilikwenda kuposa kwa akina Kanyiva, kule Mwala, juu ya lori la mchanga. Nilishuka mweupe kama mtu aliyeanguka kwenye gunia la unga. Mpaka leo mashemeji zangu wananiita Mchanga, hata matangani. Sitaki mwanangu apewe jina la gari. Yaani, sitaki apewe jina la gari baya.

Jumapili, 10 Agosti

Siku ya majaribio. Nimeipeleka Wellesley kanisani. Jeremy alinishauri kwa simu niwashe hita mpaka mwisho, eti inanyonya joto kutoka kwa injini. Kweli inanyonya! Inalileta lote ndani. Kanyiva alikuwa amevaa kitenge kipya. Tulipofika alikuwa kama ametoka kufua. Alijipepea na kitabu cha nyimbo ibada nzima, akiniangalia.

Kwenda ilikwenda. Kurudi ndiyo shida. Imezimika katikati ya geti la kanisa, watu wote wakitaka kutoka. Honi zikapigwa, na Wakristo! Wazee wa kanisa wakasukuma wakiwa na suti zao. Kwaya ikasukuma. Pasta akaweka mkono juu ya boneti kuombea, akautoa haraka sana maana ilikuwa ya moto.

Kitavi naye alisukuma, na viatu vyake vyeupe. Hakulalamika hata kidogo, na hilo ndilo limeniuma. Were alikuja na kamba, akanivuta mpaka nyumbani, akipungia watu mkono.

Jumatatu, 11 Agosti

Westlands kwa Jeremy. Gereji yake inanukia kahawa. Anavaa glavu. Haguzi gari mpaka kwanza alichomeke kwenye kompyuta, halafu anatazama kioo na kutikisa kichwa kama daktari anayeangalia picha ya mapafu ya babako.

Amesema gari si baya. Ni gari lenye hisia. Halipendi joto. Halipendi baridi pia. Halipendi foleni, halipendi mlima, na zaidi ya yote nisilipeleke kwenye matope kwa sababu matope yanaingia kwenye sensa. Nikamkumbusha kwamba ni gari la matope. Lina picha ya mlima kwenye usukani! Akasema ndiyo, lakini hiyo ni picha.

Nikamwuliza basi lifanye nini. Akafikiri. Akasema lingependa kwenda mjini Jumapili asubuhi na kurudi taratibu.

Nimemweleza habari ya ruracio. Nimemsihi. Amesema atafuta makosa yote kwenye kompyuta na gari litasahau kwamba lina shida. Nikaona hilo ni wazo la mtu aliyesoma.

Jumatano, 13 Agosti

Limekumbuka.

Kenyatta Avenue, saa mbili asubuhi, manyunyu, magari nyuma yangu mpaka usipoona. Mimi nauza bima, na wateja wangu wengi hupita hapo. Nikabuni mbinu. Mtu wa Wellesley haharibikiwi na gari, anapokea simu. Nikatoa simu, nikaiweka sikioni, nikakunja uso kama mtu anayeongea na waziri. Nikaongea na simu iliyozimwa mpaka mate yakakauka. Askari wa trafiki akaja kugonga kioo, akaniona na simu, akasubiri kwa heshima. Akasubiri sana. Halafu akasema kwa upole kwamba moshi unatoka mbele.

Were alikuwa mjini akipeleka kabeji. Bila shaka! Siku hizi anaweka kamba kiti cha mbele.

Jioni gari limewaka lenyewe kana kwamba hakuna kilichotokea, ila sasa dashibodi ina taa nyekundu isiyozimika na mshale wa joto unacheza. Siwezi kumpakia msemaji wetu wa ruracio ndani ya gari lenye taa nyekundu. Nimetafuta stika nyumbani. Nimepata moja iliyoandikwa Mungu Mbele. Imefunika taa, imefunika mshale, imekaa vizuri sana. Sasa dashibodi inatuliza ukiitazama.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimetoa masharti ya msafara. Wellesley mbele. Probox ya pili, na mbuzi. Gari la mashangazi la tatu. Mtu asimpite mwingine kwa sababu yoyote ile, kwa maana msafara wa wakwe ukivurugika njiani unafika kama watu waliokutana kwenye steji ya matatu.

Kitavi amebaki nyuma baada ya wengine kuondoka. Ameniambia kwamba anampenda Waringa, na ameomba jambo moja tu, tufike. Hajali tunafika na nini. Nikamshika bega nikamwambia aniachie. Akashusha pumzi, kama mtu mzima kuliko mimi.

Nimechoka. Lakini nimelala na ufunguo chini ya mto.

Jumamosi, 16 Agosti

Niandike yote.

Tumetoka Jamhuri mapema, ukungu na manyunyu. Mimi kwenye usukani, Kanyiva kando yangu, Kitavi na msemaji wetu nyuma. Huyo msemaji ni mzee wa kanisa anayejua Kikuyu cha kuombea mke. Ngong Road, safi. Dagoretti Corner, safi kabisa! Nikaanza kupiga mluzi. Tulipopita Waithaka Kanyiva akauliza ni nini kinanuka. Nikasema ni watu wanachoma takataka. Akasema takataka hizo zinatufuata.

Tukaingia barabara nyembamba ya Mutuini, nyasi za napia pande zote mbili, matope ya Agosti. Gari likakohoa. Likatetemeka. Likanyamaza. Nikabandua stika na kukuta taa zote zinawaka, hata ambazo sikujua zipo.

Saa tano ilikuwa inabisha. Geti la Mzee Mbugua liko chini ya mteremko, karibu hivi. Were akashuka na kamba yake. Na hapo nikaona jambo: akinivuta, Probox itakuwa mbele. Gari la kwanza watakaloliona wakwe zangu ni la kabeji, na mimi nyuma nimefungwa kamba kama ng'ombe wa kwenda sokoni.

Kitavi akasema baba, tafadhali, tuingie kwenye Probox. Alisema tafadhali. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikamwambia Were asivute, asukume.

Were akanitazama kwa muda, akavua koti lake, akalikunja akaliweka katikati ya bampa mbili. Mbuzi nyuma yake walikuwa wakilia. Akasukuma. Gari likizimika usukani unakuwa mzito, nimeukata kwa mikono miwili na magoti. Tukateremka kimya kimya, kwa heshima, matairi tu yakisikika kwenye matope. Saa tano kamili!

Wamama walikuwa getini wakiimba, geti limefungwa kama desturi inavyotaka, sisi tubembeleze kuingia. Wimbo ukakatika. Bibi mmoja akauliza mbona gari hili halina sauti. Mwingine akauliza kama ni yale ya kisasa, yanayotumia stima, yaani umeme.

Mdomo wangu ukasema ndiyo. Mimi sikuwa nimeamua.

Jameni, vigelegele! Wakatunga ubeti papo hapo kuhusu wakwe ambao gari lao halinywi mafuta. Geti likafunguliwa. Were akasukuma mara ya mwisho, tukaingia mpaka katikati ya uwanja, tukasimama kama wafalme. Nikashuka polepole. Sijawahi kuona watu wakinitazama hivyo. Hata kama ingeishia hapo ningekufa nimeridhika.

Haikuishia hapo. Mzee Mbugua ni mwenyeji mzuri mno. Akasema mgeni haachwi na njaa na gari lake pia, akaagiza waya mrefu kutoka zizi la ng'ombe. Nikasema limeshiba. Akasema hapana, safari ya kurudi ni ndefu. Waya ukaletwa mbele ya watu wote. Sikuwa na jingine. Nikafungua boneti, mvuke ukaruka mpaka kofia ya msemaji wetu ikaanguka. Mzee Mbugua akauliza ni nini hicho. Nikasema ndivyo linavyopumua likitaka kuchaji. Nikaulaza waya juu ya injini, haujashikana na kitu, nikafunga.

Tukaingia ndani. Nikajua mambo yameharibika pale msemaji wao aliposafisha koo. Akasema walikuwa wamepanga kuomba kiasi, lakini Mungu amewaletea wakwe wa gari la stima, na si vizuri kumdharau mtu kwa kumwomba kidogo. Mbuzi wakaongezeka. Wakaongezeka tena. Tangi la maji la mama likawa kubwa. Blanketi zikawa za mababu na mashangazi na jirani. Msemaji wetu alinitazama mara tatu anipe nafasi ya kusema ukweli. Kanyiva alinifinya mpaka nikahisi damu. Nikakaa kimya, nikatabasamu kama mwenye gari la stima. Nilikuwa naona aibu, na nilikuwa nataka watu wale waendelee kunitazama vile. Vyote viwili kwa pamoja.

Kitavi akaingia kutoka nje. Bwana harusi haingii kwenye kikao, wala hasemi! Akasema. Akasema gari ni bovu, limesukumwa na mjomba Were, na halijawahi kuwa la stima. Akasema mbuzi alio nao ni wale walio kwenye Probox na wengine atawaleta kidogo kidogo akipata, na kama hawatoshi aambiwe sasa, yeye mwenyewe, lakini asipewe Waringa kwa uongo. Sauti ilimkatika hapo mwisho. Mlangoni Waringa alikuwa amesimama, ameziba mdomo na kiganja.

Wakamtoza faini kwanza, kreti ya soda, kwa kuongea.

Halafu Mzee Mbugua akaniambia niseme gari linaitwaje. Nikasema Wellesley. Akauliza tena. Wellesley. Akainama, mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia kwa hasira. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka akaishiwa pumzi. Akanishika mkono, akanitoa nje, wazee wote nyuma yetu, mpaka nyuma ya zizi. Akavuta turubai.

Wellesley! Ya rangi ya kijani, ya zamani kidogo kuliko yangu. Kuku kwenye viti vya ngozi. Kuku kwenye dashibodi. Jogoo kwenye kiti cha dereva, akatutazama kana kwamba tumeingia bila kubisha. Mzee Mbugua akasema aliinunua alipouza kipande cha shamba, Waringa akiwa darasa la nne. Siku ya kwanza aliielekeza Nakuru. Mpaka leo hajafika Nakuru.

Mama Waringa na Kanyiva walikuwa wamesimama pembeni. Hawakujuana kabla ya leo. Wakatazamana, Mama Waringa akampa Kanyiva mkono, na wakaondoka pamoja kwenda jikoni.

Idadi ya mbuzi ikarudi pale ilipokuwa. Msemaji wao akasema kijana aliyesema ukweli babake akiwa amekaa hapo hapo, huyo wanamtaka. Waringa amekubaliwa! Tumekula, tumeomba, tumeimba. Kitavi amemshukuru kila mtu. Kwangu alisimama kidogo, akanipa mkono, akasema asante kwa kuja, baba. Kama ninavyosalimiwa na wateja.

Wellesley imebaki uwanjani kwa Mzee Mbugua. Nimerudi nyuma ya Probox, mahali walipokuwa mbuzi.

Jumapili, 17 Agosti

Kanisani wanajua. Mashangazi wamesimulia mpaka watoto wa shule ya Jumapili. Mwala pia wanajua. Shemeji wa Mwala amepiga simu asubuhi kuuliza Bwana Stima yuko wapi.

Kanyiva ameweka kikombe mezani polepole sana, ameniambia hili: siku gari hilo litakaporudi Jamhuri, yeye atahamia kwa Stellah. Nimemtazama nikaona hatanii. Nimeahidi kuliuza. Nimeapa. Nimesema hata kama ni kwa mtu wa vyuma chakavu.

Mchana nimekwenda chumbani kwa Kitavi. Nimemwambia alifanya vizuri kuingia kwenye kikao, na kwamba mimi nisingeweza, na samahani. Akacheka kidogo, akaniuliza kama kweli nilisema gari linapumua. Nikasema ndiyo. Akacheka vizuri. Nimepata mwanangu tena, na moyo umekuwa mwepesi siku nzima.

Sitaki tena makuu. Mtu mzima atembee kwa miguu.

Jumanne, 19 Agosti

Mzee Mbugua amepiga simu akinong'ona, yuko zizini, mkewe asisikie. Hajalala tangu Jumamosi. Gari langu wamelisukuma mpaka kando ya lake, maana ng'ombe walishindwa kupita uwanjani, na anasema yakiwa pamoja hivyo yanapendeza. Amekuwa akiyatazama kila asubuhi akikamua. Na ameona jambo.

Lake lilikufa gia. Injini yake haikuwa na neno. Langu limekufa injini. Gia zangu hazina neno!

Nimempigia Jeremy. Nikasikia kijiko kikizunguka kwenye kahawa. Akasema inawezekana kabisa, na litakalotoka hapo litakuwa imara kuliko jipya, kwa sababu litakuwa limeshapitia kila shida.

Nimewaza sana juu ya ahadi yangu. Nilimwahidi Kanyiva kuuza gari langu. Sikusema chochote kuhusu nusu ya gari langu ikiungana na nusu ya gari la mkwe. Hilo ni gari jingine. Hata halitarudi Jamhuri, litalala Mutuini. Sioni kosa, na nimelitazama pande zote.

Harusi ni Desemba, Waringa akija likizo kutoka ng'ambo. Wellesley itakuwa mbele na bi harusi ndani, mimi kwenye usukani na Mzee Mbugua kando yangu. Nimeshawaambia watu wawili watatu wa kamati ya harusi wakae na siri. Kitavi tutamwambia siku yenyewe, afurahi.

Mzee Mbugua anaanza kazi mara moja. Kuku wamepewa notisi, wanahama Jumamosi.